Tairi Si Siri ya Fundi

Katika vijiwe vya bodaboda vya Tabora, kuanzia Kanyenye na Gongoni hadi Ng'ambo, Ipuli na Isevya, kuna kauli inayopita kila siku bila kuulizwa: dereva kazi yake ni kuendesha, tairi ni kazi ya fundi. Wanayo madereva, wanayo matajiri wenye pikipiki, na mafunzo mengi ya udereva yanaibariki kwa ukimya, kwa kuwa kijana hufundishwa alama za barabarani, kofia ngumu na leseni, kisha huachiwa magurudumu mawili ambayo hajawahi kuyafungua. Pancha ikitokea, pikipiki inasukumwa hadi chini ya mwembe ambako fundi ana kompresa, beseni la maji na vyuma vyake. Dereva anakaa pembeni na simu, analipa, anaondoka. Kuhusu balansi, kauli ni fupi zaidi: hayo ni mambo ya magari. Makala haya yanapinga kauli zote mbili. Kutoa tairi, kubadili tyubu, kulirudisha tairi na kusawazisha gurudumu ni sehemu ya udereva kama ilivyo kushika breki. Mahali pa kuyajua ni nyumbani, uani, mchana kweupe. Na katika mkoa wenye masafa kama haya ya kwetu, dereva anayemwachia mtu mwingine kazi hiyo anauweka uhai wa abiria wake mahali ambapo yeye mwenyewe hajapatazama.

Tuanze na tairi lenyewe, maana historia yake inawasuta wanaolifanya mali ya fundi. Tairi la upepo lilipata umaarufu mwaka 1888 mjini Belfast kwa mkono wa John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyetaka kumpunguzia mwanawe mtikisiko wa baiskeli ya magurudumu matatu. Lilikuwa na kasoro moja kubwa: liligandishwa kwenye ringi. Likitoboka lilihitaji karakana, saa kadhaa za kulibandua, na usiku mzima wa kusubiri gundi ikauke. Mwaka 1889 tairi la namna hiyo lilifikishwa kwa ndugu Michelin, André na Édouard, kule Clermont-Ferrand nchini Ufaransa, nao wakaiona shida ilipo. Kutoboka hakuzuiliki, kinachozuilika ni mwendeshaji kufungwa miguu na karakana. Mwaka 1891, mtemi Isike akiwa bado anatawala Unyanyembe na misafara ikiwa bado inaingia Tabora kwa miguu, wakatoa tairi la kuvuliwa na kuvalishwa. Septemba mwaka huohuo Charles Terront alilitumia kushinda mbio za baiskeli za kutoka Paris hadi Brest na kurudi, kilomita 1,200 hivi, kwa saa 71 na dakika kadhaa. Tairi lililoko leo chini ya Boxer au TVS limetokana na wazo hilohilo. Mdomo wake umeundwa uvuke ukingo wa ringi kwa vyuma viwili vifupi na nguvu za mikono ya mtu mmoja aliyepiga goti. Bonde lililochongwa katikati ya ringi lipo kwa sababu hiyo: upande mmoja wa mdomo ukizama bondeni, upande wa pili unapata nafasi ya kutoka. Kukifanya chombo cha namna hii kiwe fumbo la watu wachache ni kukirudisha kwenye gundi ya Dunlop.

Historia ya njia yetu nayo inasema hivyohivyo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Msafara wa namna hiyo haukuwa na pa kuegesha. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyejulikana kote kwa ustadi wake hadi upagazi ukawa heshima ya ujana, alibeba frasila mbili, kilo 30 na kitu, na ufundi wake haukuishia kwenye bega. Mtumba ulipolegea aliufunga upya. Aliyebeba masango, zile koili za waya wa shaba, alizigawa ncha mbili za mti, na mzigo huo ukaitwa mzega. Mzega ukizidi upande mmoja kwa kiasi kidogo tu, bega ndilo linalolipa siku nzima, kwa hiyo mbebaji mwenyewe aliupima na kuusogeza mpaka ukakaa sawa. Hakuna aliyesubiri mtaalamu wa kusawazisha mizega atoke Bagamoyo. Neno kusawazisha, ambalo leo vijana wa vijiweni wanaona ni la mashine za garajini, lilifanyiwa kazi kwenye njia hii miaka mingi kabla ya injini.

Wala hatuhitaji kurudi mbali hivyo. Kabla ya pikipiki za India na China kujaa, mkoa huu ulitembea kwa baiskeli. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, mrina asali wa Sikonge, mchoma mkaa wa Uyui, kila mmoja aliijua baiskeli yake kama anavyolijua jembe. Chini ya tandiko kulikuwa na kifuko: spana, kipande cha msasa, kitubu cha solusheni, viraka vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mtoto wa miaka 12 aliweza kuziba pancha. Tairi la pikipiki ya kawaida, 2.75-17 mbele na 3.00-17 au 3.00-18 nyuma, ni tairi la baiskeli lililonenepa. Ringi ya spoku ni ileile, ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku ni uleule, tyubu ni ileile kwa unene mwingine. Wanaosema kijana wa leo hawezi wanasema kwamba maarifa yaliyokuwa mikononi mwa babu yake yamegeuka muujiza ndani ya kizazi kimoja. Hayakugeuka. Yaliachwa tu, kwa sababu pikipiki ilikuja na fedha ya kila siku, na fedha ya kila siku ikamzoeza dereva kununua alichokuwa akikifanya.

Na hapa ndipo jiografia inapoingia. Fundi yuko mjini, miiba iko porini. Tabora hadi Sikonge ni kilomita 70 hivi, hadi Nzega ni zaidi ya 100, na ukishapita Ipole kuelekea Koga na Mpanda unaingia kwenye miombo ambamo unaweza kwenda masafa marefu bila kuona paa la nyumba. Lami imefika kwingi, lakini abiria haishii kwenye lami. Anaomba apelekwe ndani, kwenye mashamba na maboma ya wafugaji, ambako migunga imekatwa kuzungushia mazizi na miiba yake imetapakaa njiani. Dereva asiyeweza kufungua tairi akipata pancha huko ana mambo matatu ya kufanya, yote mabaya. Asukume. Aache pikipiki na kutembea. Au afanye wanachofanya wengi, aendelee kuendesha tairi likiwa halina upepo mpaka atakapomkuta mtu. Hilo la tatu ndilo ghali kuliko yote, kwa kuwa tyubu iliyokuwa na tundu la mwiba, ambalo kiraka cha ukubwa wa sarafu kingelimaliza, inajikunja na kusagika hadi ing'oke kwenye valvu; kuta za tairi zinavunjika nyuzi kwa ndani; ukingo wa ringi unapinda. Kisha watu wanahesabu hasara hiyo kuwa ya barabara mbaya. Ni hasara ya kutojua kazi ya nusu saa. Na tumfikirie aliyepakiwa nyuma: kama ni mama mjamzito anayewahishwa hospitali ya Kitete usiku, nusu saa na asubuhi havilingani.

Hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa pili ni ya mkono uliozoea. Fundi, wanasema, anatoa matairi kumi kwa siku. Dereva atatoa moja kwa mwezi. Ni nani atakosea? Hoja hii inastahili jibu la uaminifu, kwani ni kweli kwamba fundi ana wepesi. Ila wepesi na uangalifu ni vitu viwili, na tunao ushahidi wa kuvitenganisha. Ushahidi huo ni tyubu kuukuu. Ichukue tyubu iliyokwisha kuzibwa mara nyingi, ijaze upepo, izungushe mikononi. Tundu lililoko upande wa nje, unaogusa kanyagio la tairi, ni la mwiba au msumari; hilo ni la barabara. Tundu lililoko upande wa ndani, unaoegemea ringi, ni la kichwa cha spoku kilichochomoza kwa sababu ule ukanda wa mpira ulikatika na mtu akarudisha tairi bila kuuangalia. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka, yana baba wawili: ama tairi liliendeshwa likiwa na upepo kidogo likagonga jiwe, ama chuma cha kurudishia tairi kiliibana tyubu dhidi ya ringi. Na matundu mawili ya mwiba yaliyopishana kidogo, kiraka kipya kando ya cha zamani, yanamaanisha mwiba haukung'olewa kabisa. Tyubu ilizibwa, tairi halikupapaswa ndani. Hesabu sasa ni mangapi kati ya hayo yaliletwa na barabara na mangapi yaliletwa na mikono yenye haraka. Dereva anayejua kuisoma tyubu yake ataona kuwa sehemu ya pancha anazozilipia zilitengenezwa siku alipokwenda kuziba nyingine.

Sisemi hivi kuwashutumu mafundi. Mwenye foleni ya pikipiki sita na malipo madogo kwa kila tundu analazimika kuwa mwepesi. Bei yenyewe haimruhusu kupapasa tairi zima kwa vidole, kupima ukanda, kuzungusha ringi na kuitazama. Ndiyo maana anatumia bisibisi pale ambapo chuma bapa chenye ncha ya mviringo kingetakiwa, na anapaka oili chafu pale ambapo maji ya sabuni yangefaa, ingawa oili huulainisha na kuuvimbisha mpira na sabuni haiudhuru. Dereva anayefanya kazi hiyo uani kwake Jumapili hana foleni, na kitakachotokea kikikosewa kitamtokea yeye. Fundi akimaliza anabaki chini ya mwembe. Dereva ndiye anayekaa juu ya ile kazi na kuondoka nayo kwa kilomita 80 kwa saa, mtu wa pili akiwa mgongoni. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalijua hilo. Chombo kibovu kikikamatwa barabarani, anayeulizwa ni aliyekiendesha.

Tena, kazi yenyewe haina uchawi. Pikipiki inawekwa kwenye dabo stendi, juu ya ubao ikiwa ardhi ni ya mchanga kama ilivyo kwetu. Gurudumu la nyuma linatolewa kwa kulegeza nati ya ekseli, kufungua fimbo ya breki na ule mkono unaozuia sahani ya viatu vya breki isizunguke, na kuteremsha cheni. Pini ya valvu inatolewa ili upepo wote uishe, kisha mdomo wa tairi unakanyagwa kuzunguka hadi uachane na ringi pande zote mbili. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaingiza vyuma na kukaza misuli bila kuhakikisha kwamba upande wa pili umezama bondeni. Ukisikia unahitaji nguvu za watu wawili, acha. Tairi linakwambia kuwa hujalizamisha. Vyuma vinaanzia karibu na valvu, hatua fupifupi za vidole vitatu. Kurudisha ni kinyume chake: tyubu inatiwa upepo kidogo sana, kiasi cha kupata umbo ili isijikunje, mdomo unapakwa maji ya sabuni, kazi inaanzia mbali na valvu na kuishia kwenye valvu, ambapo valvu inasukumwa ndani kidogo ili tyubu isinaswe chini ya mdomo. Mshale ulioko ubavuni mwa tairi ufuate mwelekeo wa mzunguko. Ukijaza upepo, tazama ule mstari mwembamba unaozunguka karibu na ukingo wa ringi. Ukionekana kwa usawa pande zote, tairi limekaa. Ukizama mahali pamoja, toa upepo na uanze tena. Upepo upimwe kwa geji, kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki. Kubonyeza kwa dole gumba hakupimi kitu, kwa sababu tairi lenye upepo wa mtu mmoja na lenye upepo wa watu wawili yote ni magumu mbele ya dole gumba.

Faida kubwa ya hayo yote haiko kwenye fedha inayobaki mfukoni, ingawa nayo inabaki. Iko kwenye kutazama. Anayefungua tairi mwenyewe anaona vinundu vidogo vilivyomo kwenye mifereji ya kanyagio na kujua kwamba kanyagio likilingana navyo tairi limekwisha, hata kama bado linaonekana na sura. Anaona tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo hauziwi tairi la 2316 kwa bei ya jipya bila kujua kuwa lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Anashika beringi kwa kidole na kusikia kama inakwaruza. Anaona viatu vya breki vimebaki unene gani, kitu ambacho hakuna mtu anakiona gurudumu likiwa limefungwa. Anayengoja fundi anangoja pancha ndipo gurudumu lifunguliwe, na akiwa na bahati ya kutopata pancha, anakaa mwaka mzima bila mtu yeyote kutazama humo ndani.

Sasa tuje kwenye balansi, ambako upinzani ni mkali zaidi na hoja zake ni dhaifu zaidi. Husemwa kwamba pikipiki ndogo haihitaji, na kwamba anayeitaka aende garaji. Tuchukue la pili kwanza. Mashine za balansi katika karakana za matairi zimetengenezwa kwa ringi za magari zenye tundu kubwa katikati. Gurudumu la Boxer halifungiki humo bila kifaa cha ziada, na anayeketi chini ya mwembe na kompresa hana mashine kabisa. Kumwambia dereva amwachie fundi balansi ni kumwambia iachwe bila kufanywa na yeyote. La kwanza linahitaji hesabu. Chukua uzito wa gramu 30 tu uliozidi upande mmoja wa ringi ya inchi 17. Viraka vilivyorundikana upande wa valvu na kiungo cha ringi vikikutana vinaweza kufika hapo. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gramu hizo zinalivuta gurudumu kwa nguvu inayolingana na kilo moja hivi. Kwa kilomita 80 nguvu hiyo inaongezeka mara nne, kwa kuwa inafuata mraba wa mwendo, na inafika karibu kilo nne. Na haivuti upande mmoja. Inapiga juu na chini, mara 12 hivi kila sekunde, kwenye beringi, kwenye spoku, kwenye shokapu na kwenye viganja vya dereva.

Wapinzani wa balansi walikuwa sahihi zamani. Barabara ya vumbi yenye makorongo ilimshika dereva kwenye mwendo wa 30 au 40, na mtikisiko wa njia uliufunika mtikisiko wa gurudumu. Lami imelibadilisha hilo. Leo kijana anatoka Tabora na kufika Nzega bila kushuka chini ya 80, akiwa na abiria na gunia, kwa gurudumu ambalo halijawahi kupimwa. Sidai kwamba gramu 30 zitamwangusha. Zinachofanya ni polepole zaidi: tairi la mbele linaliwa kwa mafungu, spoku zinalegea moja baada ya nyingine, mikono inakufa ganzi, na dereva anazoea usukani unaotetemeka kiasi kwamba siku utakapotetemeka kwa sababu ya beringi iliyokufa hataona tofauti.

Na kusawazisha kwenyewe kunahitaji tofali kuliko mashine. Gurudumu la pikipiki ni jembamba, hivyo linatosheka na usawa wa aina moja, ule wa kutokuwa na upande mzito. Ekseli inapitishwa kwenye kitovu, ncha zake zinalazwa juu ya nguzo mbili za tofali zilizolingana kimo, gurudumu linaning'inia katikati, jepesi, bila cheni na bila viatu vya breki. Linazungushwa taratibu na kuachwa. Sehemu nzito itashuka chini. Weka alama ya chaki juu kabisa, zungusha tena, na tena. Chaki ikirudi palepale mara tatu, hapo ndipo panapohitaji uzito. Waya wa lehemu unaviringishwa kwenye spoku iliyo karibu, kando ya kichwa chake, unaongezwa au kupunguzwa hadi gurudumu likubali kusimama popote linapoachwa. Matairi mengi mapya huwa na nukta ya rangi ubavuni inayoonyesha sehemu nyepesi. Ikikaa penye valvu wakati wa kuvalisha, nusu ya kazi imekwisha. Huo ni mzega uleule wa wapagazi, ulioviringishwa ukawa duara. Na gurudumu likiwa linazunguka juu ya tofali, shika kipande cha chaki karibu na ringi bila kuigusa: kama ringi imepiga nane, itaikaribia chaki na kuikimbia. Gonga spoku kwa spana ndogo moja baada ya nyingine, iliyolegea itatoa sauti ya kufa.

Kuna wanaouliza kuhusu riziki. Madereva wakijifanyia, mafundi wa pancha watakula nini? Swali ni la haki, maana mafundi hao ni ndugu na jirani. Lakini gurudumu lina kazi nyingine nyingi ambazo dereva wa kawaida hatazigusa: kusuka upya ringi iliyovunjika spoku, kutoa beringi na kuzipachika bila kuziua, kunyoosha ringi, achilia mbali injini. Dereva anayelijua gurudumu lake hamkimbii fundi. Anamfikia mapema, akiwa na ugonjwa uliokwisha kutajwa jina, na yuko tayari kuilipia kazi inayostahili. Tena fundi wa mjini hapotezi senti kwa pancha inayozibwa Ipole usiku wa manane. Wapo pia wanaosema pikipiki si yangu, ni ya tajiri, nami nina hesabu ya kupeleka jioni. Huyo ndiye mwenye sababu zaidi ya kujua, kwani saa anazosubiri kwenye foleni hesabu haisubiri, na kwa aliye kwenye mkataba kila tairi linaloharibika kabla ya wakati linaliwa kwenye chombo kitakachokuwa chake. Kuhusu vifaa, vyuma vitatu, spana mbili, pampu ya mguu, geji, solusheni na viraka jumla yake haiko mbali na bei ya tairi moja jipya, na kijiwe chenye watu kumi kinaweza kuvinunua kwa pamoja na kuviweka kwenye sanduku moja.

Mipaka ipo na lazima isemwe. Tairi lenye nyuzi zilizoonekana, ringi yenye ufa, mdomo uliokatika waya, hivyo havitengenezwi na dereva wala na fundi, vinatupwa. Upepo haujazwi kupita kiasi kilichoandikwa ubavuni ili kulazimisha tairi likae, kwa kuwa mdomo unaweza kuruka na kumvunja mtu mkono. Na kosa baya kuliko yote katika kazi hii halihusu tairi: ni kusahau kurudisha ule mkono wa breki ya nyuma na kotapini yake. Gurudumu litazunguka vizuri, cheni itakaa sawa, na breki ya kwanza itakayokanyagwa itaizungusha sahani ya viatu vya breki na kung'oa kila kilichoishikilia. Wanaotumia kosa hilo kama hoja ya kumkataza dereva wanasahau kwamba hata fundi anaweza kulifanya, na asiyejua hatalitambua. Anayejua anainama sekunde tano kabla ya kuondoka, anaigusa kotapini kwa kidole, anapanda.

Chuo cha VETA kipo hapahapa Tabora. Vyama vya bodaboda vipo, Kikosi cha Usalama Barabarani kipo, na semina hufanyika. Siku moja ya semina hizo itolewe kwa gurudumu: kila anayetaka cheti afungue tairi la nyuma, alirudishe, alisawazishe juu ya tofali mbele ya mwalimu, na asiyeweza arudi wiki ijayo. Matajiri nao, wanapomkabidhi kijana ufunguo, wamkabidhi na vyuma vitatu. Lakini wewe dereva unayesoma usingoje semina. Leo jioni ukirudi nyumbani, simamisha pikipiki kwenye dabo stendi, mtu akukalie nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, lizungushe, na utazame linaposimama. Likisimama palepale mara tatu, kazi ya Jumapili umekwisha kuipata.